Kuvisha Tairi Minyororo: Miaka Yangu kwa Mzee Kulwant

Ijumaa iliyopita nilimkabidhi Bahati funguo za karakana na glovu zangu za mpira, moja ikiwa imetoboka kidole gumba. Akazipokea, akazitazama, akasema, "Mama Upendo, andika. Ukienda na hayo yote ndani ya kichwa, sisi tutabaki namna gani?" Bahati ni mtu wa Uvira, na Kiswahili chake hakijawahi kumwomba mtu ruhusa. Nimekubali. Binti yangu Upendo, ambaye anaelewa kila ninachosema na kunijibu kwa Kiingereza, ameahidi kuwatafsiria wenzetu wasiojua lugha hii. Namwamini, isipokuwa pale nitakapomtaja yeye.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Hayamsaidii mtu aliyepiga magoti kwenye theluji akiwa na mnyororo uliogoma kufunga.

Niliingia karakana ile ya Hayes, magharibi mwa London, kama mfagiaji. Wakala alinipeleka kwa wiki mbili tu, nizibe pengo la mtu aliyeugua. Ilikuwa nyuma ya maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege, na ndege zilipita juu ya bati karibu sana hivi kwamba watu walizoea kukatisha sentensi katikati, wakangoja, kisha wakaendelea. Uani kulijaa magari ya fowili, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Kazi ya karakana ilikuwa kuyaandaa kwa safari: matairi, kamba za kuvutia, majeki, na minyororo ya theluji.

Ile minyororo ilinishangaza. London theluji huanguka siku mbili, ikaleta kiherehere cha wiki nzima, kisha ikawa tope. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba wateja walikuwa wakienda kwingine: Uskoti, milima ya Ufaransa, Uswisi, mahali ambapo polisi wa barabarani anakuuliza minyororo iko wapi, na usipokuwa nayo anakugeuza urudi ulikotoka.

Siku ile ya kwanza nilikuwa nafagia karibu na kijana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akivisha gari mnyororo. Nikasimama. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la viazi kule Makete, na wakati wa masika barabara yetu ilikuwa uji mtupu. Alikuwa akiyavisha matairi ya nyuma minyororo, nasi watoto wake tulijua kwamba pete za mnyororo zina upande laini na upande wenye makali. Laini hukaa kwenye mpira, makali hukaa kwenye tope. Ukikosea, mnyororo unalitafuna tairi lako mwenyewe. Kijana yule alikuwa amegeuza.

Nikajisemea, kwa Kiswahili, "Huyu ameuvisha ndani nje."

"Nani?" sauti ikauliza kutoka chini ya gari jingine.

Akatoka mzee mwenye kilemba cha buluu, ndevu nyeupe, na grisi mpaka kwenye viwiko. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Kamwene."

Hiyo ni salamu ya nyanda zetu za juu. Nilikuwa na miaka mitatu London na hakuna mtu aliyewahi kunisalimia hivyo, sembuse Singasinga. Nikamwitikia, kisha nikaongeza shikamoo, maana alikuwa mtu mzima.

"Marahaba. Mimi ni wa Iringa," akasema. "Baba alikuwa na gereji karibu na soko. Wewe umejuaje kuhusu mnyororo?"

"Baba yangu alikuwa dereva, mzee. Makete."

"Makete." Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa ugonjwa aliowahi kuugua. "Nimekwama Makete siku mbili. Weka ufagio. Onyesha."

Nilitumia karibu saa nzima kuvisha tairi moja. Nilipomaliza alizunguka gurudumu, akaingiza mkono nyuma ya tairi, akavuta hapa na pale, akasema, "Hujaharibu kitu." Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, hiyo ilibaki miongoni mwa sifa zake kubwa. Jioni ile alimpigia wakala simu amtafutie mfagiaji mwingine.

Huyo ndiye Mzee Kulwant. Ninyi mliokuja karibuni mnaijua picha yake iliyo juu ya birika la chai, lakini ile picha imemfanya mpole kuliko alivyokuwa.

Nilidhani kesho yake nitapewa minyororo. Nilipewa matairi. Kwa mwezi mzima hakuniruhusu kugusa mnyororo. Kazi yangu ilikuwa kusoma. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba, nanyi mnazijua, lakini niwaambie alivyonifundisha. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya ule upana. Ya tatu ni rimu, kwa inchi. Alikuwa akinipitisha uani asubuhi, anaelekeza kwa spana, nami nasoma kwa sauti: mia mbili thelathini na tano, sabini, kumi na sita. Mia mbili sitini na tano, sabini, kumi na sita.

"Hayo mawili yatavaa mnyororo mmoja?" akaniuliza siku moja.

Nikasema ndiyo, kwa kuwa sabini na kumi na sita zilifanana.

"Leta mnyororo uvishe."

Nilihangaika mpaka jasho likanitoka, na ilikuwa Novemba. Ncha mbili za mnyororo zilikataa kukutana kwa upana wa kiganja. Ndipo akanionyesha kwamba upana unapoongezeka, kimo nacho huongezeka, kwa sababu kimo kinahesabiwa kutokana na upana. Lile tairi la pili lilikuwa nene na refu pia. Kisha akanipeleka kwenye gari jingine lenye rimu ya kumi na saba, mia mbili thelathini na tano kwa sitini na tano, akalivisha mnyororo wa lile la kwanza, la rimu kumi na sita. Ukaingia kama soksi. Rimu kubwa, ubavu mfupi, jumla ileile. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimesoma hesabu shuleni kwa miaka mingi bila kuona inakwenda wapi.

Baada ya kusoma tairi, alinifundisha kusoma gari. Nafasi kati ya tairi na shokomzoba, mahali ambapo jicho halifiki, lazima uipime kwa vidole. Mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, unapita wapi. Kitabu cha gari kinasema nini, maana magari mengine mwenye kiwanda anataka minyororo mbele, mengine nyuma, na mengine hataki kabisa ukiwa umeweka rimu kubwa za urembo. Kwa fowili, Mzee alipendelea miguu yote minne. "Ukivisha mbele tu," alisema, "mbele itashika na nyuma itataka kukupita kwenye mteremko. Ukivisha nyuma tu, usukani utakuwa wa mapambo."

Kisha ndipo tukaja kwenye minyororo yenyewe, na hapo alikuwa mkali. Alituwekea ndoo ya maji yenye barafu. Tulichovya glovu humo, tukazivaa zikiwa zimelowa, tukafumba macho, tukavisha. "Kwenye mlima hakuna taa, hakuna kahawa, na kulabu ya ndani, inayofungia nyuma ya tairi, huioni hata mchana," alisema. "Mkono wako ndio jicho." Wengine waliacha kazi kwa sababu ya ile ndoo. Mimi nililelewa Makete. Nilichota maji ya baridi kabla ya kwenda shule tangu nikiwa na miaka saba. Ndoo ile ilikuwa ya kawaida.

Na hakuna mteja aliyeondoka bila kufanya mwenyewe. Nilimwona daktari mkubwa wa moyo akiwa amepiga magoti uani na suti yake, Mzee amesimama juu yake kama mwalimu wa darasa la pili. "Tena," anamwambia. Daktari anafanya tena. Wapo waliokasirika wakaenda kununua kwenye mtandao. Mzee aliwaaga kwa adabu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimesita kuliandika.

Nilikuwa na miaka minne kazini, na nilikuwa nimeanza kujiona. Alikuja Baba Faraja, Mkongo anayeishi Barking, na mkewe na watoto wawili. Walikuwa wanakwenda Uswisi kwenye harusi ya ndugu yake, mji ulio juu milimani. Gari lao lilikuwa fowili zuri, walilinunua kwa mtu. Ilikuwa siku yenye foleni, Mzee ametoka. Nikasoma tairi la mbele kushoto, nikachukua jozi mbili za mnyororo unaolingana nalo, nikamfundisha Baba Faraja kuvisha tairi lile la mbele. Alifanya vizuri. Nikampa mkono, nikawatakia safari njema.

Sikusoma matairi ya nyuma. Gari lile lilitoka kiwandani na matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele: mbele mia mbili thelathini na tano, nyuma mia mbili hamsini na tano. Kwa macho hayaonekani tofauti. Namba zilikuwepo, zimeandikwa kwa herufi za kunyanyuka, zikingoja mtu ainame.

Walipofika mlimani theluji ikianguka, minyororo ya mbele ikaingia. Ya nyuma ikakataa. Baba Faraja alivuta mpaka vidole vikatoka damu, mwisho akaunganisha ncha kwa waya. Waya ulikatika kwenye kona. Mnyororo ukajizungusha kwenye ekseli, gari likateleza kwa upande, likagonga ukingo wa theluji. Upande wa pili wa barabara ile hapakuwa na ukingo. Watoto walikuwa salama. Mama Faraja alivunjika mkono.

Baba Faraja alirudi karakana baada ya wiki tatu. Hakupiga kelele. Aliweka boksi juu ya meza, akasema, "Mama, uliniambia itaingia."

Mzee Kulwant alikuwepo. Alisikiliza mambo yote mpaka mwisho, akatoka nje, akasoma matairi manne ya gari lile moja baada ya jingine, akarudi. Nilisema, "Mzee, ni mimi. Nilisoma moja tu."

"Nimekusikia," akasema. Kisha akamgeukia Baba Faraja. "Kosa ni la karakana yangu. Nikubalie nije nyumbani kwako nimwone mama."

Jumapili ile tulikwenda Barking, mimi na yeye, kwa treni, kwa sababu alisema siku kama ile mtu haendi kwa gari. Njia nzima hakunikaripia, na hilo lilikuwa gumu kuliko kukaripiwa. Mama Faraja alitufungulia mwenyewe, mkono ukiwa kwenye plasta. Mzee hakuketi mpaka aliposema alichokuja kusema. Aliinamisha kichwa, kile kilemba cha buluu kikamwelekea yule mama aliyekuwa na umri wa binti yake, akasema, "Watoto wako walipanda gari wakituamini sisi. Hatukustahili. Naomba utusamehe."

Nami nikasema yangu.

Mama Faraja alitukaribisha kuketi. Kisha akaniuliza, "Wewe uko na watoto?"

"Mmoja. Msichana."

"Basi unajua." Akatazama plasta yake. "Mimi nitasamehe. Lakini utakuja kunifundisha mimi. Si bwana yangu. Mimi. Siku ingine nitasoma hizo namba mwenyewe."

Nilikwenda mara tatu. Plasta ilipotolewa, alikuwa anavisha tairi kwa dakika saba. Ninyi nyote mliopo pale hamjafika dakika saba.

Siku iliyofuata safari yetu ya Barking, Mzee alifunga karakana mchana kutwa. Alituweka wote uani, akatupitisha kwenye kila gari, tukasoma matairi manne, na la akiba likawa la tano. Hakulitaja jina langu hata mara moja. Tangu siku hiyo ndipo tunaandika matairi yote matano kwenye kadi ya mteja kabla ya kugusa boksi lolote. Wengi wenu mmeilalamikia ile kadi. Sasa mnajua ilikotoka: ni kosa langu, na yeye alilibeba kwa jina lake.

Miaka ikaenda. Bahati akaja, akiwa ametoka kufanya usafi wa ofisi usiku na mchana, akaonekana ana mikono mizuri. Mzee alianza kuugua sukari, na sukari ikamwingia machoni. Mwanzoni alikuwa analeta uso karibu na tairi kama mtu anayenusa mkate. Baadaye aliacha kuinamisha uso. Siku moja nilimwona amechuchumaa kando ya gurudumu, ametazama kwingine kabisa, kidole gumba kikipita polepole juu ya zile herufi za kunyanyuka ubavuni. Akataja namba zote tatu. Nikaenda kuhakikisha. Zilikuwa sawasawa.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu mwaka jana. Usimwambie mke wangu naendelea kuja na basi peke yangu."

Hakuwa anakuja kila siku tena. Alikuja Jumanne na Alhamisi, akakaa kwenye kiti karibu na hita, akisikiliza kazi. Alijua kwa sauti ya mnyororo kama umelegea. Bahati alidhani ni uchawi mpaka alipofundishwa kusikiliza mwenyewe.

Kisha ikaja ile theluji ambayo wengi wenu mnaikumbuka, iliyoanguka Jumatano mfululizo, na alfajiri ya Alhamisi London yote ikawa imenyamaza. Hata ndege hazikuruka. Kuna kikundi cha watu wenye fowili ambao hujitolea kuwapeleka manesi na wahudumu wa wagonjwa majumbani siku kama hizo, nao walizoea kukusanyika uani kwetu. Asubuhi ile yalikuja magari matano. Na akaja Mzee Kulwant, kwa miguu kutoka kituoni, kwa sababu ilikuwa Alhamisi.

Magari manne hayakuhitaji kitu. Barabara kubwa zilikuwa zimemwagiwa chumvi, na mnyororo kwenye lami tupu unaharibu lami, tairi na wewe mwenyewe. Tatizo lilikuwa nesi mmoja Mkenya, Sista Wambui. Alikuwa na mgonjwa wa kumhudumia nyumbani, juu ya kilima cha Harrow, mzee anayemalizia siku zake, mwenye pampu ndogo inayomtilia dawa ya maumivu. Pampu hujazwa mara moja kwa siku. Ingekwisha saa saba mchana. Gari la hospitali lilikuwa limejaribu kupanda asubuhi, likarudi kinyumenyume.

Mwenye gari la tano, bwana mmoja mwenye fowili mpya inayong'aa, akasema yeye atampeleka, gari livishwe minyororo. Mzee akachuchumaa, akaingiza vidole nyuma ya tairi.

"Kidole kimoja hakiingii," akasema. "Rimu hizi ni za kupigia picha. Mnyororo utakata mpira wa breki kabla hujafika nusu ya kilima."

Bwana yule akasema muuzaji alimhakikishia. Mzee akamjibu, "Muuzaji hayupo hapa leo," akainuka.

Likabaki gari letu la karakana, lile fowili kuukuu la kijani. Tulikuwa na jozi mbili tu za minyororo zilizosalia zenye ukubwa unaokaribiana nalo. Nikaanza kusoma matairi. La mbele kulia, sawa. La nyuma kulia, sawa. Upande wa kushoto Mzee alikuwa ameshaanza, kwa kidole chake, na nikaona kidole kimesimama.

"Tumaini," akaniita kwa jina langu. "Matatu ni ndugu. Hili la nyuma kushoto ni mgeni."

Bahati akainama kutazama. "Haliko mamoja," akasema kwa sauti ndogo. "Mama, mimi niliweka hilo wiki jana. Lile ingine lilitoboka. Niliona kumi na sita, nikaweka."

Nililikumbuka boksi la Baba Faraja. Nilisema tu, "Tuangalie la akiba." La akiba lilikuwa ndugu wa yale matatu. Tukapiga jeki, tukabadilisha, tukavisha minyororo yote minne kwa kujaribu, ikafunga. Kisha Mzee akasema tuivue.

Sista Wambui akasema, "Muivue? Saa hii imeshafika nne na nusu."

"Kutoka hapa mpaka Harrow ni lami na chumvi," nikamwambia. "Tutaivisha chini ya kilima."

"Na mtachukua muda gani?"

"Dakika ishirini na tano," akasema Mzee, akifungua mlango wa mbele na kupanda bila kumwuliza mtu.

Mimi niliendesha. Tulifika chini ya kilima saa tano na nusu kwa sababu ya magari yaliyoachwa njiani. Basi moja lilikuwa limekwama pale limekaa mshazari, abiria wamo ndani wakitutazama kupitia madirisha yenye mvuke. Nilivisha yote manne peke yangu, Mzee akipita nyuma yangu na kugusa kila kulabu. Tukaondoka. Baada ya mita mia hivi, akasema, "Simama."

Hiyo ni kanuni, nanyi mnaijua: mnyororo ukizunguka kidogo unajikalia, lazima uukaze tena. Lakini tulikuwa tumeanza kupanda, gurudumu linashika vizuri, na sikutaka kusimama.

"Mzee, tafadhali," akasema Sista Wambui kutoka nyuma. "Huyu mtu akianza kuumwa, anaumwa kweli. Nimemwona."

"Kwa sababu hiyo nataka ufike," akasema Mzee.

Nikasimama. Nikakaza wa mbele kulia, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia. Nyuma kushoto, kulabu ya ndani ilikuwa imekaa pete moja kabla ya mahali pake, na mnyororo umelegea kwa upande wa ndani, unaning'inia karibu na mpira wa breki kiasi cha kutosha kuugusa. Nilikuwa nimeifunga mimi, kwa vidole vilivyoanza kufa ganzi. Mzee alikuwa ameigusa na kuipitisha, kwa sababu gari lilipokuwa limesimama ilikuwa imekaza. Ilijionyesha baada ya kuzunguka tu. Tuliisogeza pete moja, tukakaza. Dakika nne. Sista Wambui alikuwa ameuona ule mnyororo uliolegea kwa macho yake, akarudi kuketi.

Tulipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gari halikuteleza hata mara moja. Saa sita na dakika ishirini tulisimama mbele ya nyumba, na mke wa mgonjwa, bibi mwembamba wa Kiingereza, alikuwa amesimama mlangoni na koti, inaonekana kwa muda mrefu. Sista Wambui aliingia na mkoba wake mbio. Sisi tulibaki kwenye gari. Baadaye yule bibi alitutolea chai, vikombe viwili kwenye sinia, akitembea kwa uangalifu mkubwa.

"Amelala," akatuambia. "Alikuwa ameanza kuogopa."

Mzee alishika kikombe kwa mikono yote miwili. Alimwuliza yule bibi, mume wake alifanya kazi gani. Akasema alikuwa posta, alipeleka barua kwenye kilima hichohicho kwa baiskeli. Mzee akasema, "Na theluji?" Bibi akasema, "Na theluji." Mzee akainua kikombe kidogo kuelekea dirisha la juu, akanywa.

Tuliporudi chini pamoja na Sista Wambui, ilibidi tuvue minyororo kabla ya lami. Nikashuka, nikapiga magoti, nikashika kulabu, na sikuisikia. Vidole vyangu viwili vilikuwa kama vya mtu mwingine. Nilijaribu mara tatu. Sikutaka kusema, lakini Mzee alikuwa anasikiliza.

"Nipishe, Tumaini."

"Barabara imelowa, mzee."

"Nipishe."

Akapiga magoti kwenye theluji ile iliyovunjikavunjika, mtu wa miaka sabini na sita, akavua glovu. Uso ameuelekeza juu, hatazami kitu, na mikono ikaingia nyuma ya tairi. Nikasikia kulabu ya ndani inaachia. Mnyororo ukaanguka chini wote kwa mara moja, umenyooka, haukujisokota hata pete moja. Akasogea kwa magoti mpaka tairi la pili. Watu ndani ya basi walifuta mvuke kwenye vioo ili waone. La tatu. La nne. Sista Wambui alishika saa yake, kwa mazoea ya kazi nafikiri, na baadaye aliniambia ilikuwa dakika tano na nusu kwa yote manne. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mitatu na sijawahi kuikaribia.

Nilimsaidia kuinuka. Alikuwa anahema. Akasema, "Nipeleke nyumbani. Leo nimefanya kazi."

Hakurudi tena karakana. Macho yalimalizika majira yale ya kuchipua, na mapafu hayakupenda ule ubaridi. Aliishi miaka miwili zaidi, nami nilimtembelea kila Jumanne.

Lakini siku ile nilimpeleka nyumbani kwake Queensbury. Mkewe, Mama Jasbir, alifungua mlango, akaona suruali imelowa magotini. Yeye ni mzaliwa wa Dodoma na anapokasirika hutumia Kiswahili.

"Amepiga magoti barabarani?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukamwacha?"

"Nilishindwa, mama. Yeye hakushindwa."

Alimvua koti, akamkalisha karibu na hita, akamletea taulo. Mzee alinyoosha mikono mbele ya joto, vidole vyekundu kabisa, akaanza kumweleza mkewe matairi ya siku ile: la kwanza, la pili, la tatu, lile geni, lile la akiba, upana, kimo na rimu. Mama Jasbir alikuwa amepiga magoti anamkausha miguu. Alimsikiliza mpaka namba ya mwisho.